Dawa za akili: Hofu ya moyo isikatishe tiba

MGONJWA anayetumia dawa za ugonjwa wa akili anapohisi moyo unamwenda mbio, mara nyingi uamuzi wake wa kwanza ni kuziweka dawa kando. Moyo huenda ukatulia, lakini baada ya wiki chache usingizi hupotea, sauti zilizokuwa zimenyamaza hurejea, na familia hujikuta tena njiani kuelekea hospitali.

Hofu hiyo haikosi msingi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki dunia miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na maradhi ya moyo ni miongoni mwa sababu kuu. Hata hivyo, dawa si chanzo pekee. Sigara, lishe duni, kutofanya mazoezi na tabia ya kupuuza malalamiko ya mwili ya mgonjwa wa akili huchangia pia.

Dawa hizo huugusa moyo kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya polepole. Olanzapini na klozapini huongeza hamu ya kula na uzito, na zinaweza kupandisha sukari na lehemu katika damu. Mambo hayo yakidumu miaka mingi, mishipa ya moyo huziba.

Njia ya pili inahusu umeme wa moyo. Baada ya kila pigo, moyo huhitaji muda mfupi wa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Baadhi ya dawa hurefusha muda huo, ambao katika kipimo cha umeme wa moyo huitwa QT. Ukizidi milisekunde 500, hatari ya mapigo kuvurugika na mgonjwa kufa ghafla huongezeka. Ndiyo sababu dawa ya thioridazini iliondolewa na mtengenezaji wake katika masoko ya dunia mwaka 2005. Mwaka 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa sitalopramu, inayotibu sonona, isizidi miligramu 40 kwa siku.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kasoro hiyo ya umeme kwa kawaida haihisiwi mpaka mapigo yavurugike. Kwa upande mwingine, moyo kwenda mbio mtu anaposimama mara nyingi hutokana na shinikizo la damu kushuka kwa muda, au na wasiwasi wenyewe. Kwa hiyo hisia peke yake haitoshi kuamua. Kinachotakiwa ni kipimo.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na vyama vya Marekani vya kisukari na vya madaktari wa akili unataka uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na lehemu vipimwe kabla ya kuanza dawa za kundi la olanzapini. Uzito hupimwa tena wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Shinikizo, sukari na lehemu hurudiwa wiki ya 12.

Aidha, mgonjwa anapougua malaria au maambukizi mengine, amweleze daktari dawa zote anazotumia, kwani kwinini na erithromaisini nazo hurefusha QT. Kuharisha na kutapika huongeza hatari kwa kupunguza potasiamu mwilini. Anayetumia lithiamu asianze dawa ya kuongeza mkojo bila ushauri, maana lithiamu inaweza kulundikana mwilini.

Kuacha sigara ni faida kubwa kwa moyo. Lakini moshi wake huharakisha kuvunjwa kwa klozapini na olanzapini mwilini, hivyo anayeacha hana budi kumwarifu daktari ili dozi irekebishwe.

Dalili zisizosubiri miadi ni kuzirai, maumivu ya kifua na kuhema kwa shida. Kwa aliyeanza klozapini wiki chache zilizopita, homa inayoambatana na mapigo ya kasi inaweza kuashiria uvimbe wa misuli ya moyo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nje ya dharura hizo, dawa isiachwe kabla ya kuonana na daktari. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa taratibu. Moyo na akili ni vya mtu mmoja, na kimoja hakipaswi kutibiwa kwa kukitelekeza kingine.