Akiba ya Benki Hailali

Watu wengi wanadhani ya kuwa fedha waliyoweka benki hukaa ndani ya sanduku la chuma mpaka siku watakapoidai. Sivyo. Benki huikopesha kwa wengine ili ipate faida. Basi mwenye akiba, hata akiwa mwalimu au mchuuzi wa mkaa, ni mkopeshaji pasipo kujua. Na akijua kazi inayofanywa na fedha yake, akaichukia, aweza kufanya nini? Swali hili lina historia yake, nayo inagusa Afrika tangu mwanzo.

Yapata mwaka 1970 Wareno, waliotawala Msumbiji wakati ule, walikuwa wakijenga bwawa la Cabora Bassa katika mto Zambezi, umeme wake uende Afrika ya Kusini. Huko Uingereza watu waliopinga ubaguzi wa rangi walisikia ya kuwa benki ya Barclays ina mkono katika shauri hilo. Tena ilikuwa na matawi mengi Afrika ya Kusini. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kufunga konti zao. Mwanafunzi ana fedha gani? Kidogo mno. Lakini wenye benki walijua ya kuwa kijana akifungua konti, mara nyingi hukaa na benki ile mpaka uzeeni. Kumpoteza ni kupoteza mishahara ya maisha mazima. Wale wa kwanza wakamaliza masomo, wengine wakashika zamu. Halmashauri za miji kadhaa nazo zikahamisha fedha. Mwezi wa Novemba 1986 Barclays ikajitoa Afrika ya Kusini. Si wanafunzi peke yao walioitoa, maana biashara ya nchi ile ilikuwa imeharibika. Lakini nao walikuwamo, na ilichukua miaka 16.

Siku hizi shauri ni petroli, gesi na makaa ya mawe, kwa kuwa moshi wake unaipasha dunia joto. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si' ya kuwa yafaa vitu hivyo viachwe hatua kwa hatua, bila kukawia. Tangu hapo mashirika mengi ya Kikatoliki yameondoa fedha zao katika makampuni ya namna hiyo.

Mfano wa karibu nasi ni bomba la kutoka Hoima, Uganda, hata Chongoleani karibu na Tanga, kilometa 1,443. Mafuta yake yanatoka kando ya Ziwa Albert. Ng'ambo ya pili ni Ituri. Ni mazito kama nta, hata bomba sharti lipashwe moto njia nzima. Benki kubwa nyingi zilikataa kulikopesha, Standard Chartered na Barclays yenyewe zikiwamo. Lakini Machi 2025 zilitangazwa benki za kwanza zilizokubali, na mojawapo ni KCB ya Uganda. Hapo Lubumbashi inaingia. Trust Merchant Bank, ile TMB tunayoijua, ilianzishwa hapa mwaka 2004. Tangu Desemba 2022 asilimia 85 yake ni mali ya KCB Group ya Kenya, mama wa hiyo KCB ya Uganda. Si kusema faranga za Lubumbashi zimekwenda Hoima. Kila benki ina vitabu vyake. Ila ukoo ni mmoja.

Je, tuhame? Mwanafunzi wa London alikuwa na benki nyingine ng'ambo ya barabara. Kwetu mtumishi wa serikali mara nyingi hulipwa kwa benki aliyopangiwa. Tena wazee wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilipofutwa, na siku za kuzibadili zikawa chache mno. Wadogo wao wanakumbuka 2016, wateja wa BIAC walipohangaika kupata fedha zao. Mtu aliyeumwa hivi hutafuta kwanza benki itakayomrudishia chake. Ndiyo maana wengi huweka kidogo benki, kingine katika likelemba, wala sioni sababu ya kuwalaumu.

Lakini kuuliza hakungoji kuhama. Parokia, shule na vyama vya waalimu vina konti kubwa kuliko mtu mmoja, navyo vyaweza kumwandikia mkuu wa tawi: benki hii na dada zake wanakopesha kazi gani? Mteja mmoja akiuliza, atajibiwa na karani. Parokia kumi zikiuliza, barua itapanda mpaka Nairobi.