Wakulima waliouza nyumba zisizojengwa

Ukitoka Washington kwa gari kuelekea kaskazini-magharibi, unapita maduka, maghorofa na nyumba zilizobanana, kisha mji unakatika ghafla. Mbele yako ni mahindi, soya, mazizi na vibarabara vyembamba. Umeingia katika hifadhi ya kilimo ya Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland: ekari 93,000, yaani theluthi moja ya kaunti nzima. Si kwamba wajenzi hawakuiona ardhi hiyo. Walizuiwa na mpango uliopitishwa mwaka 1980.

Mwaka 1950 kaunti ilikuwa na watu 164,000. Miaka 20 baadaye walifika 522,000. Bei ya ardhi ilipaa na kodi ikaifuata, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akajikuta anatozwa kana kwamba malisho yake ni viwanja. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza Marekani, mwaka 1956, kuamua kwamba shamba linalolimwa litozwe kwa thamani ya kilimo. Nafuu ilikuwa ya kweli, ingawa hata mlanguzi anayesubiri bei ipande angeweza kuifaidi, mradi shamba liendelee kulimwa.

Mwaka 1964 wapangaji walichora mji unaokua kando ya barabara kuu kama vidole vya mkono, na mashamba katikati ya vidole. Ramani nzuri, lakini tingatinga halisomi ramani. Katika miaka ya 1970 likaja sharti la nyumba moja kwa kila ekari 5. Likaharibu zaidi: tajiri alipata nafasi ya kufuga farasi wawili, mkulima akakosa pa kugeuzia trekta.

Ndipo bodi ya mipango, chini ya mwenyekiti wake Royce Hanson, ikapendekeza nyumba moja kwa ekari 25. Wakulima wakaja juu, na mimi siwalaumu. Kwa wengi wao shamba ndiyo akiba ya uzeeni. Sheria ikikata bei yake, ni nani atakayewalipa?

Jibu lilikuwa kuitenganisha ardhi na ruhusa ya kuijengea. Mwenye ekari 100 sasa angeweza kujenga nyumba 4 tu, lakini alipewa haki 20 za kujenga, moja kwa kila ekari 5. Akibakiza moja kwa nyumba yake, 19 zilizosalia aliweza kuziuza kwa kampuni ya ujenzi, nayo ikazitumia kuongeza nyumba katika maeneo ya kaunti yaliyotengwa kwa ajili hiyo. Mkulima anapata fedha, shamba linabaki lake, na kizuizi kinaandikishwa kwenye hati ili kimfunge hata atakayelinunua baadaye. Serikali haikulazimika kulipa fidia. Mnunuzi alikuwa mjenzi.

Waliokereka zaidi ni wakazi wa maeneo yaliyopokea nyumba hizo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1987 mahakama kuu ya jimbo ikasema idadi ya nyumba za ziada lazima iwekwe na sheria ya matumizi ya ardhi yenyewe, si na mpango tu. Baraza la kaunti likarekebisha sheria, biashara ikaendelea. Zaidi ya ekari 50,000 zimefungwa kwa njia hii.

Serikali ya jimbo nayo ina mfuko wake wa maeneo ya wazi, ulioanzishwa mwaka 1969 na kulishwa na nusu asilimia ya bei ya kila nyumba au kiwanja kinachouzwa. Wazo la busara, kwani anayenunua ardhi anachangia kuokoa nyingine. Lakini miaka ya ukata ikifika, wanasiasa huuchota kuziba mapengo ya bajeti.

Mwaka 2021 mgeni mwingine alibisha hodi: paneli za umeme wa jua. Baraza likaziruhusu kwa masharti makali, likakataza zisiwekwe kwenye udongo ulio bora kwa kilimo. Sharti la ekari 25 kwa nyumba moja halikuguswa.