Aliyetangulia na Aliyefuata: Historia ya Uhamiaji katika Filamu ya Hester Street

Utangulizi

Kila ninapofundisha maudhui ya utamaduni, huwa najua mapema jibu nitakalopewa. Mwanafunzi akikutana na mume aliyevaa suti na mke aliyejifunga kitambaa, ataandika kuwa mume anawakilisha usasa, mke anawakilisha ukale, na kwamba baina yao kuna mgogoro. Kisha atafunga hoja kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Jibu hili huokoa alama mbili tatu, lakini aghalabu humzuia mwanafunzi kuiona kazi iliyo mbele yake. Makala haya yananuia kuonyesha, kwa kutumia filamu moja, kwamba mgogoro tunaouita wa mila na usasa huenda ukawa na mzizi mwingine, na kuwa bila historia mzizi huo hauonekani.

Filamu yenyewe ni Hester Street ya mwaka 1975, iliyoelekezwa na Joan Micklin Silver. Mwelekezi huyu alizaliwa Omaha, Marekani, mwaka 1935, katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Urusi. Picha zake hazina rangi, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huku tafsiri ya Kiingereza ikiandikwa chini ya picha. Filamu hii haimo katika silabasi yetu. Hata hivyo, ina wahusika, msuko, ishara na kinaya kama tamthilia yoyote tunayoifundisha.

Muhtasari wa hadithi

Mwaka ni 1896, mjini New York. Jake, ambaye kwao Urusi aliitwa Yankel, anashona nguo kwa cherehani katika karakana ndogo. Amenyoa ndevu, anahudhuria ukumbi wa dansi, na ana uhusiano na Mamie, msichana mhamiaji ambaye tayari amejiwekea akiba. Mamie hajui kwamba Jake ana mke na mtoto ng'ambo. Jake anapata habari za kifo cha babake, na hatimaye mkewe Gitl anawasili pamoja na mwana wao Yossele. Jake anamwonea mkewe aibu: nguo zake, nywele zake, lugha yake. Nyumbani mwao anapanga Bernstein, msomi wa dini ambaye sasa anafanya kazi katika karakana ile ile. Ndoa inavunjika. Jake anamwoa Mamie, naye Gitl anajiandaa kuolewa na Bernstein.

Usuli wa kihistoria

Mwezi Machi mwaka 1881 Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi aliuawa. Yaliyofuata ni mashambulizi dhidi ya Wayahudi katika miji mingi ya kusini mwa milki hiyo, na mwaka 1882 serikali ikatunga sheria zilizowabana zaidi katika makazi na biashara. Umaskini ukazidi kuwasukuma. Kati ya mwaka 1881 na 1924, Marekani ilipofunga mlango kwa sheria ya kuwawekea wahamiaji viwango, Wayahudi wapatao milioni mbili wa Ulaya Mashariki walikuwa wameingia nchini humo.

Wengi walikaa katika mitaa ya mashariki ya chini ya Manhattan, ambamo barabara ya Hester ilikuwa soko la mikokoteni. Huko familia zilibanana katika majengo ya kupanga yenye vyumba visivyopata hewa wala mwanga wa kutosha. Sheria kali zaidi ya kuyarekebisha ilikuja mwaka 1901. Ili kodi ilipike, familia ilimkaribisha mpangaji alale chumba cha mbele au jikoni. Kwa hiyo kuwapo kwa Bernstein katika nyumba ya Jake si hila ya mtunzi ya kumleta mume wa pili karibu. Hivyo ndivyo watu walivyoishi.

Kazi nayo ilikuwa ya ushonaji. Mwenye karakana alichukua vitambaa vilivyokatwa kwa mwenye kampuni, akawagawia mafundi na kuwalipa kwa idadi ya vipande. Msimu ukiisha, kazi nayo huisha. Katika filamu, mwenye karakana anajigamba kwamba kwao alikuwa mchuuzi na Bernstein alikuwa mwanafunzi wa vitabu vitakatifu, lakini Marekani mchuuzi ndiye bwana na msomi ndiye anayeinama juu ya cherehani. Hiki ni kinaya, lakini pia ni historia kwa ufupi: uhamiaji ulipindua ngazi ya heshima, na aliyekuwa chini akapata nafasi ya kumcheka aliyekuwa juu.

Mlangoni

Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari mwaka 1892. Abiria wa daraja la juu walikaguliwa melini. Wa daraja la chini ndio waliopelekwa kisiwani. Sheria ya mwaka 1891 iliruhusu kumkataa yeyote aliyeonekana kwamba angekuwa mzigo kwa umma. Kwa sababu hiyo, mwanamke aliyefika bila mume alizuiwa mpaka jamaa aje kumchukua.

Tukilijua hili, tukio la Gitl kupokewa linabadilika maana. Mtazamaji asiyejua historia ataona mume na mke wanaoshangaana: yeye hana ndevu, mkewe ana wigi. Anayejua historia ataona kwamba Gitl hawezi kuvuka kizuizi kile pasipo Jake kukiri kuwa ni mkewe. Tangu dakika ya kwanza, aliyetangulia amekuwa mlango wa aliyefuata. Jake hana mamlaka yoyote Marekani. Karakanani ni kibarua, na hata kusoma barua hawezi. Ila mbele ya Gitl amekuwa serikali.

Hapa ndipo penye mzizi ninaoutafuta. Jake hajui Marekani kuliko Gitl kwa akili wala kwa elimu. Anaijua kwa sababu alitangulia kufika, basi. Miaka hiyo michache ndiyo mali yake yote, naye anaitumia kama fimbo.

Lugha na majina

Yankel amekuwa Jake. Mtoto anaposhuka tu, Yossele anageuzwa Joey na shungi za nywele za mashavuni, alama ya malezi ya kidini, zinakatwa. Katika fasihi tumezoea kutafuta majazi, yaani jina linaloafiki tabia ya mhusika. Hapa tunaona kinyume chake: mhusika anajipa jina, kisha anahangaika maisha yake yote alifikie.

Filamu imetokana na novela ya Abraham Cahan, Yekl, iliyochapishwa mwaka 1896. Cahan alizaliwa mwaka 1860 karibu na Vilna na kufika Marekani mwaka 1882. Baadaye alikuwa mhariri wa miaka mingi wa gazeti la Kiyidi la Forverts, lililoanzishwa mwaka 1897. Mbinu yake ya lugha inafaa kuchunguzwa na kila mwalimu anayefundisha uchanganyaji ndimi. Wahusika wanapozungumza Kiyidi, Cahan anaandika Kiingereza sanifu. Wanapochomeka maneno ya Kiingereza, anayaandika kwa hati za mlazo, yakiwa yamevunjika kama yalivyotamkwa. Msomaji anagundua kwamba katika lugha anayoidharau Jake ni mtu mzima, ilhali katika lugha anayojivunia ni mtoto. Silver aliifikisha hali hiyo kwa sikio: Kiyidi cha wahusika kinatiririka, Kiingereza chao kinajikwaa.

Wanafunzi wangu hawaoni ugumu kuelewa jambo hili nikiwauliza ni nani anayemsumbua zaidi mono anayeripoti kidato cha kwanza. Si mwalimu, wala si wa kidato cha nne. Ni yule aliyekuwa mono mwaka jana, ambaye amejua jana tu mahali kengele ilipo.

Nywele za Gitl

Mwanamke wa Kiyahudi aliyeshika dini hufunika nywele akishaolewa. Jake anamtaka Gitl aache wigi. Gitl anakataa, kisha anajaribu kitambaa. Siku moja, kwa msaada wa jirani yao Bi. Kavarsky, anatengeneza nywele zake mwenyewe kwa mtindo wa mjini. Jake anarudi, anadhani ni wigi jingine, anazivuta kwa nguvu. Gitl anapiga ukelele.

Mtahiniwa anayeng'ang'ania mila na usasa atakwama hapa. Gitl ameuvaa usasa alioombwa, na bado amevutwa nywele. Basi tatizo halikuwa wigi. Jake hataki mke wa kisasa. Anataka kutokuwa na shahidi wa Yankel aliyekuwa. Gitl angebadilika mara kumi, angebaki kuwa mtu anayemjua kwa jina la zamani.

Talaka na fedha

Utoro wa waume ulikuwa janga linalojulikana miongoni mwa wahamiaji wale, hata Forverts likawa likichapisha picha za waume waliotoroka familia zao. Mwanamke aliyetorokwa bila hati ya talaka hakuweza kuolewa tena kwa sheria ya dini. Jake angeweza kutoweka. Badala yake anataka talaka halali, na hapo kwa mara ya kwanza Gitl anashika kitu ambacho Jake anakihitaji.

Wakili anakuja kumshawishi kwa fedha za Mamie. Gitl hajibu. Wakili anapandisha dau. Gitl yu kimya. Kimya kile, ambacho mumewe alikiita ushamba, kinamletea karibu akiba yote ya Mamie. Carol Kane, aliyeigiza nafasi hii, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na sehemu kubwa ya uigizaji wake imo katika kutosema.

Ushindi huo haujakamilika. Kwa sheria ya dini mume aliyeacha anaweza kuoa siku iyo hiyo. Mke hana budi kungoja takriban siku 90. Hata akishinda, Gitl bado ni wa kusubiri.

Kutoka kwa Yekl hadi kwa Gitl

Cahan aliipa novela yake jina la mume. Silver aliihamisha kamera kwa mke. Badiliko hili lina historia yake pia: miaka ya 1970 wanawake waelekezi walikuwa wachache mno Marekani, na kampuni kubwa hazikuwa tayari kumwamini mmoja wao. Mumewe, Raphael Silver, ndiye aliyetafuta fedha, zipatazo dola 370,000, kisha akaisambaza filamu mwenyewe. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa nchini Marekani.

Mwishoni Gitl anatembea na Bernstein, wakipanga duka ambalo yeye atauza na Bernstein asome. Gitl sasa ana Kiingereza kidogo, na mwanawe anamwita Joey. Mwacha mila ni mtumwa? Gitl ameacha baadhi ya mila na hajawa mtumwa wa yeyote. Jake pia ameacha, naye ametoka mikononi mwa ndoa moja akaingia nyingine bila furaha usoni. Wote wawili wameacha mila. Tofauti ni kwamba Gitl aliziacha kwa hatua zake mwenyewe, na Jake alizikimbia.

Hitimisho

Simwambii mtahiniwa aiache hoja ya mila na usasa. Namwomba aulize maswali matatu kabla ya kuiandika: ni nani aliyefika kwanza, ni nani anayehitaji ruhusa ya nani, na fedha ni za nani? Akiyajibu kwa kurejelea matukio, atakuwa amehakiki. Asipoyajibu, atakuwa amerudia methali tu.

Maswali ya mjadala

1. "Jake ni mwathiriwa kama Gitl." Jadili kauli hii ukirejelea mazingira ya kihistoria ya mwaka 1896.
2. Eleza namna kimya kinavyotumika kumjenga mhusika Gitl.
3. Chagua kazi yoyote ya Kiswahili uliyoisoma yenye mhusika aliyehama. Onyesha ni nani aliyemtangulia na jinsi alivyoutumia utangulizi huo.