Huria si Bure: Asili ya Programu Iitwayo Ushahidi

Waingereza wana neno moja kwa kitu kisichouzwa na kwa mtu asiyefungwa. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo: tunalo “bure” na tunalo “huria”. Tena “bure” lina kasoro yake, kwani hutaja pia kazi isiyozaa kitu. Asemaye “nimejisumbua bure” hajisifu. Programu za kompyuta ambazo kila mtu ameruhusiwa kuzitumia, kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa tumeziita programu huria, na aliyechagua neno hilo anastahili pongezi.

Harakati zenyewe zilianza mbali. Mnamo Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza kuwa ataandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, aliouita GNU, na kuwaachia watu wote. Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikitengeneza kwa kujifurahisha tu. Kiini hicho ndicho Linux. Leo wengi wa wanaokiandika hulipwa mishahara na makampuni, lakini waanzilishi hawakuwa na mwajiri wala mkataba.

Kwa nini mtu akeshe akiandika kitu asichokiuza? Wapo wanaotaka kujifunza, wapo wanaotafuta sifa, na wapo ambao walikuwa na shida yao wenyewe na dawa haikuwapo sokoni. Majibu hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Jirani zetu Wakenya wanalo jingine.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Nchi ikaanza kuwaka huku wananchi hawaambiwi ni wapi panapowaka. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa mtandaoni, alianza kupokea taarifa nyingi kuliko alivyoweza kuzihakiki peke yake. Mapema Januari akauliza hadharani kama wapo wajuzi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya matukio. Waliomwitikia ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Baada ya takriban wiki moja tu ramani ilikuwa hewani, na mwananchi aliweza kueleza alichokiona kijijini au mtaani kwake. Waliiita Ushahidi.

Hapa hapakuwa na nafasi ya kupatana ujira. Nani angelipa? Serikali iliyonyamazisha redio? Na kama wangengoja mfadhili asome maombi yao, yaliyoonekana Januari yangekwisha kufutika. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile.

Sisi wa Kasulu na Kibondo hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Wakimbizi wa Burundi waliingia huku mwaka 1972, wakaja tena 1993, na habari za kule tulizipokea kwa vinywa vyao kabla ya kuzisikia redioni. Ni ngapi zilizoandikwa? Wasimuliaji wengi wamekwisha kufa, nao waliokuwapo Muyama wakiwasikiliza wanazidi kupungua.

Watu hupenda kufananisha programu huria na msaragambo. Ulinganisho huo naukubali nusu. Wananchi walipojenga madarasa ya shule za kata, walifyatua matofali na kusomba mawe bila malipo, wakijua ni watoto wao watakaoketi humo. Lakini tuseme kweli: asiyefika msaragambo aghalabu alitozwa faini, na mgambo walimjua. Kobia na wenzake hawakuwa na mgambo mlangoni. Zaidi ya hayo, darasa la Muyama haliwezi kuhamishiwa Kibondo, ilhali programu ikishaandikwa hunakiliwa mara elfu na ya kwanza isipungue.

Kwa hiyo hatua yao ya pili ndiyo iliyo kubwa. Ghasia zilipotulia, wangeweza kuiuza kazi ile. Badala yake waliiachia iwe huria, hata yeyote aliyepatwa na maafa asianze upya. Ruzuku za wafadhili zilikuja baadaye, Ushahidi likawa shirika lenye watumishi wa kulipwa. Silaumu, maana watu hula.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliibomoa Port-au-Prince, Haiti. Wanafunzi wa kujitolea huko Boston wakaifungua programu ileile, na Wahaiti waliotawanyika ughaibuni wakajitolea kutafsiri ujumbe wa simu uliotoka kwa wenzao kwa lugha ya Krioli. Maneno mengi yalitafsiriwa siku zile. Jina la programu lilibaki la Kiswahili.