MKUNAZINI: TUSIFUKIE SHIMO, TUSITIE CHUMVI



Ndugu zangu, baada ya darsa kijana mmoja alinifuata akaniambia: "Sheikh, zile sanamu za watumwa Mkunazini zingeondolewa tu. Kila mtalii anaambiwa Waislamu ndio waliouza watu." Alikuwa akisema zile za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Nilimjibu kwa ufupi, lakini suali lake halikuniacha.

Tuseme ukweli. Unguja watu waliuzwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa hadi Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini. Soko la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, tena baada ya kutishiwa manowari. Krismasi ya mwaka huo huo msingi wa kanisa ukawekwa pale pale. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897, na hapo masuria wakaachwa nje. Walingoja hadi 1909! Miaka kumi na mbili mwanamke anangoja, na sisi hatumtaji hata kwenye mihadhara ya wanawake.

Utaniambia machifu wa bara nao waliuza, Wahindi walikopesha mitaji, Wafaransa walinunua kwa mashamba ya Réunion. Kweli yote. Lakini wenye mashamba ya karafuu walikuwa wakisimama safu ya mbele msikitini, na walijua fika kwamba kumwacha huru mtumwa ni kafara ya makosa. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kushuhudia haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Sasa ushahidi huo tutautoa wapi, ikiwa mahali penyewe tumepafukia?

Ila na wanaotembeza wageni nao wamche Mungu. Vile vyumba vya chini ya jengo la St Monica huonyeshwa kama mahabusu ya watumwa, na wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, soko likiwa limeshafungwa. Basi liandikwe hilo mlangoni. Mgeni akigundua uongo mmoja, atakataa na yaliyo kweli, na watakaodhulumiwa mara ya pili ni wale wale waliouzwa.

Mimi napenda zaidi Mangapwani. Hakuna sanamu wala kengele. Kuna chumba cha chini ya ardhi kilichochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ambamo watu walifichwa baada ya soko kufungwa, biashara ilipogeuka ya magendo. Unashuka ngazi, joto linakupokea, dari iko karibu na kichwa.

Yule kijana nimemwambia Jumamosi, inshaallah, tutakwenda pamoja. Nauli juu yangu.