Fisi wa Njia Panda: Asili na Maana ya Sitiari ya Ubinafsi katika Meru na Embu

Methali isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi imeenea Kenya nzima. Ngano inayoambatana nayo ni mashuhuri: fisi alinusa nyama kwenye njia panda, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Aghalabu ngano hii hutajwa kuwa ndiyo asili ya kumwita mtu mbinafsi fisi. Maelezo hayo hayatoshi. Fisi wa njia panda ni mlafi tu: hakumnyang'anya mtu, wala hakumnyima mwenziwe. Ulafi ni kosa la tumbo. Ubinafsi ni kosa dhidi ya jamaa.

Jina lenyewe ni kongwe. Fisi wa Kiswahili, hiti wa Kikuyu na mbiti wa Kimeru na Kikamba ni neno moja la Kibantu lililopishana kimatamshi. Lakini ukongwe wa jina hauelezi makali ya sitiari. Hayo yatafutwe katika historia ya mahali.

Kabla ya utawala wa Waingereza, ulioingia Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, wafu wengi wa sehemu hizi hawakuzikwa. Maiti ilipelekwa porini, ikaachiwa fisi; kaburi lilikuwa la wachache, hasa wazee wenye hadhi. Kwa hiyo fisi hakuwa mhusika wa ngano pekee, bali mshiriki wa msiba asiyelia. Jamaa wote walipoteza, yeye alishiba. Yamkini hapa ndipo tusi lilipopata uzito wake: kumwita mtu fisi ni kumshutumu kwamba hasara ya wenzake ndiyo karamu yake.

Mnyama halisi hastahili lawama hiyo. Utafiti wa Hans Kruuk uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba fisi madoa wa Serengeti na Ngorongoro huwinda wenyewe na huishi katika koo. Sitiari, basi, haimsawiri mnyama; inasawiri uhusiano wa watu mbele ya mauti.

Desturi ya kuachia porini imekoma, ila maana haikufa nayo. Anayenyemelea shamba la marehemu kabla matanga hayajaanuliwa, akamwacha mjane mikono mitupu, hakusimama kwenye njia panda yoyote. Njia yake ni moja, naye anaijua. Mhakiki anayeishia kwenye ngano humsamehe mtu huyo kwa kumwita mwenye tamaa.