Mionzi ya Kifua: Kikohozi cha Baadaye Msikipuuze

Ami yangu alipomaliza tiba ya mionzi kwa saratani ya mapafu, tulisoma dua, tukapika pilau, tukaona shughuli imekwisha. Wiki ya saba akaanza kukohoa kikohozi kikavu na kuhema akipanda ngazi. Sote tukasema ni mafua ya kusi. Kumbe sivyo. Nayaandika haya kwa nyinyi mnaouguza.

Mionzi huanza na uchovu. Mgonjwa apumzike, lakini asilale kutwa. Kutembea kidogo jioni humsaidia.

Kwenye wiki ya pili au ya tatu, kumeza huweza kuuma, kwa kuwa njia ya chakula hupita karibu na panapopigwa mionzi. Ondoeni pilipili, achari, ndimu na chai ya moto sana. Mpeni uji laini, mtindi, viazi vya kuponda, kidogo kidogo mara nyingi. Akishindwa kumeza hata maji, daktari aambiwe siku hiyo hiyo. Dawa za kutuliza zipo.

Ngozi ya kifua na mgongo huweza kuiva na kuwasha. Aoge maji ya vuguvugu na avae fulana ya pamba isiyobana. Asipakwe mafuta, hata ya nazi au karafuu, bila kuuliza. Alama alizochorwa zisisuguliwe. Ubani chumbani uacheni kwanza, na sigara kabisa. Moshi humzidishia kikohozi.

Wajukuu msiwakataze kumkumbatia. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Na ikiwa ni Ramadhani, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asione haya kuitumia.

Sasa nirudi kwa ami. Mionzi yaweza kuvimbisha mapafu mwezi 1 hadi 6 baada ya tiba kwisha. Dalili ni kikohozi kikavu, pumzi fupi, pengine homa ndogo. Daktari hupiga picha ya kifua, na mara nyingi hutoa dawa za steroidi. Hizo hupunguzwa polepole. Asiziache ghafla hata akijihisi mzima.

Sisi tulimchelewesha wiki 2 kwa asali na tangawizi. Alhamdulillahi alipona, lakini baada ya kulazwa. Asali haina kosa. Kosa lilikuwa letu kungoja. Na akikohoa damu, akiumwa kifua sana au akikosa pumzi, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.